Okulere ya mara 60 ilituangusha, tusiinunue tena



Siku ya posho inayokuja, seksio yetu ya Likasi itapiga kura juu ya dola 160 za sanduku la sendika. Si za matanga, si za avoka, si za kukodi basi ya kwenda Lubumbashi. Ni za kununua kioo kimoja kinachoenea ndani ya kiganja cha mkono: okulere ya darubini yetu ya kuangalia ndege wa ziwa Tshangalele. Maneno tumeyasikia, kwenye foleni ya mshahara na mbele ya kopo la munkoyo. "Sendika inaangaliaka ndege sasa?" Ndiyo, inaangalia. Na tunataka kueleza hapa, mbele ya watu wote, kwa nini okulere ile na si nyingine, kwa sababu mara ya kwanza tulichagua vibaya na tulilipa kwa haya.

Turudi nyuma kidogo, kwa wale wasiojua. Ziwa lile lilizaliwa na kazi ya migodi. Ukuta wa Mwadingusha ulijengwa kwenye mto Lufira ili kutoa umeme wa migodi na viwanda, kazi ikaanza mwaka 1930, na maji yaliyofungwa nyuma yake ndiyo Tshangalele. Babu zetu waliyeyusha shaba kwa umeme wake. Sisi tunakula samaki wake, wale wa Kapolowe munaowanunua kando ya barabara mukitoka Lubumbashi. Na maji ya mito inayopita kwenye viwanda vya Likasi yanaishia mulemule. Mwaka 2009 wataalamu wa Université ya Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapa matokeo ya kupima mkojo wa watu wa Katanga: kobalti ilikuwa juu sana kwa wanaokaa karibu na migodi na viwanda. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba ziwa ni habari ya watalii.

Na kuna ndege. Mwaka 1960 walikamatwa pale kwera, wale wanaosuka viota vya kuning'inia, ambao wataalamu walikuja kuwaandika rasmi kama jamii ya peke yake mwaka 1982, kwa jina la Ploceus ruweti. Kiisha watu wa vitabu hawakumuona tena mpaka habari zake zilipochapwa upya mwaka 2009. Wavuvi wetu walikuwa wanapita chini ya viota vyake wakati wote huo, lakini mvuvi hakuulizwa. Mwaka 2017 bonde la Lufira liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya maji na matete yanayopaswa kulindwa duniani. Ni karatasi, tunajua karatasi ni nini. Lakini ukiwa na karatasi na daftari la hesabu mkononi, unaingia kwenye mkutano kwa mguu mwingine.

Njo sababu tuna daftari. Kila siku ya posho ya kwanza ya mwezi, watu wa pansio watano au sita na vijana wa masomo ya sekondari wanakwenda kandokando ya ziwa, wanahesabu: furukombe wangapi, mnandi wangapi, korongo, bata wa maji, kwera. Ndege peke yake hathibitishi sumu. Lakini mwezi baada ya mwezi, mahali pale pale, saa ile ile, hesabu ikianza kushuka, tunapata sababu ya kudai maji yapimwe, na yapimwe na mtu ambaye hakulipwa na yule anayeyachafua.

Sasa tuseme jinsi tulivyoanguka. Mwaka jana, katika mkutano na kampuni moja (jina haliongezi kitu hapa), tulifungua daftari na kusoma: mwezi wa 9, kwera wa Lufira 40, kwenye kisiwa cha matete. Enjenia wao wa mazingira, kijana mwenye adabu, aliuliza maswali matatu tu. Muliwaona kwa darubini ya namna gani? Okulere ilikuwa kwenye mara ngapi? Ilikuwa saa ngapi? Delege wetu akajibu kwa kiburi: mara 60, saa tano ya mchana. Yule kijana akafunga bilauri ya maji kwa mkono wake, akasema polepole kwamba kwa mara 60, saa tano, mwezi wa 9, juu ya maji, kutoka mbali vile, mtu haoni ndege, anaona moto unacheza. Hakuna aliyemjibu. Tulijua ni kweli. Tuliandika kile tulichotaka kuona.

Ukurasa ule mmoja uliua daftari zima la miaka miwili. Hata furukombe tuliowahesabu vizuri, kwa macho matupu, hawakuhesabika tena. Huo ndio uzito wa kioo hiki kidogo, na wale wanaocheka kwenye foleni walikuwa hawajui.

Darubini yetu yenyewe haina kosa. Kioo cha mbele kina upana wa milimita 80, na urefu wake wa fokali, ule umbali wa ndani ambao mwanga unakutana, ni milimita 480. Tripie yake ni imara. Kosa lilikuwa nyuma, mahali jicho linapoingia. Pale panaitwa okulere, na kwenye darubini kama yetu inatoka: unafungua skurubu, unatoa moja, unaweka nyingine. Ukuzaji wote unatoka kwenye hesabu ndogo ambayo mtoto wa masomo ya msingi anaiweza: unachukua urefu wa fokali wa darubini, unagawanya kwa namba iliyoandikwa juu ya okulere. Kwetu, 480 kugawanya kwa 20 ni 24, kwa hiyo okulere ya milimita 20 inakuza mara 24. Okulere ya milimita 8 inakuza mara 60. Namba ikiwa ndogo, ndege anakuwa mkubwa. Ile tuliyonunua ni zoom, inazunguka kutoka milimita 24 mpaka 8, yaani mara 20 mpaka mara 60. Muuzaji alitusifia ile 60. Sisi nasi, watu wa kupima tani maisha yote, tukakimbilia namba kubwa.

Lakini ni sisi hasa ambao tungepaswa kushtuka. Nani kati yetu hajui tofauti ya tani na tenere? Unaweza kupakia kamio ishirini za udongo na ukatoa shaba isiyojaza ndoo. Mara 60 ni tani. Mwanga ni tenere.

Wale walioshuka chini ya ardhi watatuelewa haraka. Simama na taa ya kaski mbele ya ukuta wa jiwe. Duara la mwanga ni dogo, jiwe linang'aa, unaona kila mshipa wa malakiti. Rudi nyuma mpaka umbali uwe mara tatu ya ule wa kwanza. Duara sasa lina ukubwa mara tisa, lakini betri ni ile ile, kwa hiyo kila mahali pa ukuta panapata sehemu moja tu kati ya tisa za mwanga wa kwanza. Okulere inafanya vilevile. Kioo cha mbele kinaleta mwanga wa kipimo kimoja, hakiongezeki. Ukitoka mara 20 kwenda mara 60 unautandaza mara tisa, na ndege anakuwa mkubwa, wa kijivu, kama picha iliyokaa dirishani miaka mingi.

Munaweza kuliona jambo hili bila kusoma fizikia. Elekeza darubini angani (kamwe si kwenye jua, mutapofuka), kiisha ondoa uso wako nyuma kama urefu wa mkono. Utaona duara dogo jeupe limeelea kwenye okulere. Hilo duara ndiyo mwanga wote utakaoingia ndani ya jicho lako. Upana wake ni upana wa kioo cha mbele kugawanya kwa ukuzaji. Kwetu, 80 kwa 20 ni milimita 4. Kwa mara 24 ni 3 na kidogo. Kwa mara 40 ni 2. Kwa mara 60 ni 1 na kidogo. Mboni ya jicho wakati wa mchana mkali inafunguka milimita 2 au 3, alfajiri inafunguka zaidi. Sasa sisi tunakwenda ziwani saa gani? Saa kumi na mbili ya asubuhi, wakati ndege wanaamka na moshi wa wavuvi bado uko chini. Saa ile jicho linaomba duara la 3 au 4, na sisi tulikuwa tunalipa duara la 1.

Mutasema: basi ngojeni jua lipande, mwanga utakuwa mwingi. Hapo tunakutana na ule moto aliousema enjenia. Kila mtu aliyekaa pembeni ya kariere mwezi wa 9 au wa 10, kabla ya mvua, ameona hewa inavyochemka juu ya barabara, kamio inakuja inatetemeka kama iko ndani ya maji. Juu ya ziwa na matope ni hivyo hivyo. Okulere haiwezi kuchagua, inakuza ndege na inakuza mchemko pamoja. Kwa mara 24 mchemko unavumilika mpaka karibu saa tatu au saa tatu na nusu. Kwa mara 60 tumejaribu, saa mbili na nusu tayari matete yanacheza. Upepo nao: tripie ikitikisika kidogo, mtikisiko unakuzwa mara 60. Vijana walikuwa wanashika pumzi kama wanapiga bunduki.

Kuna jambo la tatu, na kwetu sisi hili ndilo lilitakiwa kuwa la kwanza. Ba papa wetu wanavaa lunete.

Mmoja wao, mzee aliyefanya miaka mingi kwenye izine ya elektrolizi, ndiye anayejua ndege kupita sisi wote. Anajua furukombe kwa sauti, anajua mnandi kwa namna anavyokausha mabawa. Siku ya kwanza ya darubini mpya tulimpa heshima ya kuangalia mbele ya wote. Akainama, akakaa, akasogea mbele, nyuma, akatoa kofia. Tukamuuliza, papa, munaona nini? Akajibu: "Bana bangu, miye naona tu katundu ka funguo." Tukacheka. Yeye naye alicheka. Lakini mwezi uliofuata hakuja, wa pili hakuja, na hatukuuliza kwa nini mpaka binti yake alipotuambia kwamba mzee anaona haya, anafikiri macho yake yamekufa.

Macho yake hayakufa. Kila okulere ina umbali wake ambao jicho linapaswa kukaa ili lione duara lote. Ile zoom yetu inataka jicho liwe milimita 12 hivi kutoka kwenye kioo. Mtu asiye na lunete anafika pale bila shida. Mwenye lunete, kioo chake kinagonga mpira wa okulere kabla hajafika, na anaona katikati tu, tundu la funguo kweli. Anayevaa lunete anahitaji nafasi ya milimita 15 kwa uchache, na 18 au 20 ndiyo raha. Namba hii iko kwenye karatasi ya boksi, lakini muuzaji haisomi kwa sauti kwa sababu haivutii. Kumwambia mzee atoe lunete yake si jibu. Akiitoa, haoni daftari, haoni njia, na kama jicho lake lina kasoro ya kuona mistari iliyopinda, kuzungusha fokasi hakutamsaidia.

Kwa hiyo tukinunua okulere yenye nafasi ya milimita 12, tumewafukuza watu wa pansio kwenye kazi ambayo ni wao waliianza. Kwa sendika, hilo ni kosa kubwa kupita giza na mchemko.

Upana wa kuona, tutasema kwa ufupi. Zoom za bei yetu zina tabia mbaya: kwenye ukuzaji mdogo, pale zinapotoa mwanga mzuri, zinabana pembeni. Yetu kwenye mara 20 inaonyesha kama mita 35 za ziwa kwa umbali wa kilomita moja, na kwenye mara 60 inabaki kama mita 17. Okulere isiyo zoom, ya milimita 20 na ya pembe pana ya digrii 68, ingetupa karibu mita 49 kwa mara 24. Yaani inakuza zaidi ya mara 20 na bado inaonyesha sehemu kubwa zaidi. Kwa kuhesabu kundi la bata wanaoruka hiyo ni tofauti ya kuhesabu na kukisia. Mtoto anampata ndege haraka, hampigi mwenzake kiwiko kwa kusema "iko wapi, iko wapi".

Basi pendekezo letu ni hili: okulere moja, isiyo zoom, ya milimita 20 au karibu na hapo, pembe ya digrii 65 kwenda juu, nafasi ya jicho ya milimita 18 kwenda juu, na mlango wa milimita 31.7, kwa sababu darubini yetu inapokea kipimo hicho. Za namna hii zipo. Fabriki ya Baader ya Ujerumani inatengeneza zinazoitwa Hyperion, za digrii 68 na nafasi ya milimita 20, na kuna nyingine. Sisi hatuuzi, hatupati matabishi ya mtu. Dola 160 ni bei tuliyopewa pamoja na kusafirisha.

Neno juu ya huo mlango. Baadhi ya darubini za Pentax na za Celestron zinapokea 31.7 kama yetu, ambacho ni kipimo cha darubini za nyota. Lakini fabriki nyingi, kama Swarovski, Kowa au Zeiss, zina mlango wao wenyewe, na okulere ya mmoja haiingii kwa mwingine. Seksio nyingine zikitaka kutufuata, ziangalie mlango kabla ya kutoa hata franga moja. Na tusiseme kila zoom ni mbaya, tutakuwa tunasema uongo. Swarovski walitengeneza zoom ya pembe pana ya mara 25 mpaka 50, inaonyesha mita 42 kwenye 25 na mita 27 kwenye 50, nafasi ya jicho milimita 17. Kitu safi. Bei yake tungelazimika kuuza tripie, darubini na meza ya biro.

Sasa kuna wandugu wawili katika komite, watu wa kweli, ambao wanapinga. Wa kwanza anasema: mfanyabiashara mmoja wa pale soko analeta darubini nzima, mpya, mara 25 mpaka 75, kwa dola 90. Kwa nini tulipe 160 kwa kipande? Tulikwenda kuiona. Kioo chake cha mbele ni milimita 60. Gawanyeni wenyewe: 60 kwa 75 haifiki hata milimita 1. Tulimwomba muuzaji tuisimamishe nje saa kumi na moja ya jioni, tukaielekeza kwenye namba ya kamio iliyokuwa mwisho wa barabara. Kwa mara 25 tulisoma. Kwa mara 75 hatukujua kama ni kamio au ni ukuta. Muuzaji akasema tuje asubuhi, jua likiwa kali. Tulimshukuru, tukaenda.

Wa pili anasema jambo zito zaidi, na hatutalipita mbio. Anasema: wenye mishahara iliyochelewa miezi miwili hawatatusamehe, na mjane wa mwenzetu aliyefariki mwezi wa 4 bado anangoja sehemu ya pili ya mchango. Ni kweli. Kwa hiyo tumeandika katika pendekezo kwamba deni la mjane linalipwa kwanza, siku ile ile, kabla ya kura ya okulere kufunguliwa. Kama sanduku halibaki na dola 160 baada ya hapo, tunangoja. Juu ya mishahara, jibu letu ni kwamba enjenia anayetushinda juu ya ndege leo atatushinda kesho juu ya vumbi, juu ya masaa ya posti ya usiku, juu ya kila namba tutakayoleta. Tukijulikana kuwa watu wanaoandika wasichokiona, tumekwisha.

Kuna pia waliouliza: kwa mara 24 mutamtambua kwera wa Lufira kweli? Tuseme ukweli. Kutoka ukingoni mpaka kwenye matete yetu ni kama mita 400. Kwa mara 24, ndege wa mita 400 ni kama yuko mita 17 mbele yako. Dume wa manjano mwenye kinyago cheusi utamuona. Lakini kwenye Katanga yetu kuna kwera mwingine wa manjano mwenye kinyago, ndugu yake wa karibu kwa sura, na majike wa kwera wanafanana sana wao kwa wao. Pale ambapo hatuna hakika tutaandika "kwera mwenye kinyago", basi, bila jina la ukoo. Na ukitaka hakika, panda bwato la mvuvi na jumeli ya mkono, usogee. Darubini ya tripie ndani ya bwato haifai, inayumba. Tulijifunza hilo pia kwa kulowa.

Pesa zikija tena mwakani, tungependa okulere ya pili ya milimita 12, itakayotupa mara 40 na duara la milimita 2, kwa asubuhi zile za mwezi wa 5 na wa 6 hewa ikiwa baridi na imetulia. Juu ya 40 hatuna sababu ya kwenda.

Onyo moja kwa watakaoitunza. Okulere nyingi za nyota hazikufungwa dhidi ya maji kama zile za fabriki zenye mlango wao. Mvua ya Katanga haiulizi. Mufuko wa plastiki uwe daima ndani ya sanduku, na okulere isibadilishwe upepo ukipuliza, kwa sababu vumbi letu jekundu likiingia ndani halitoki. Kioo hakifutwi na shati. Kwanza kupuliza kwa kipampu cha mpira, kiisha brosi laini, kiisha kitambaa chake, na kama hakuna vitu hivyo, kiacheni na vumbi lake. Zoom yetu ya sasa ina mistari kama sahani ya zamani kwa sababu kijana mmoja alitaka kutusaidia.

Kwenye daftari tumeongeza safu tatu mpya: saa, okulere, na "hakika au hapana". Ukurasa wa mwezi wa 9 mwaka jana hatukuuchana. Tumeupiga mstari mmoja mwekundu, tukaandika pembeni sababu, na delege aliyesema mara 60 ametia sahihi yake hapo.

Kura ni saa tatu ya asubuhi, kwenye paillote ya nyuma ya biro. Darubini itakuwa pale na zoom yake, tumeazima na okulere ya milimita 20 kwa siku moja, ili kila mwanachama ainame aangalie zote mbili kabla ya kuinua mkono. Mwenye lunete aje nayo. Tumemtuma binti kumwambia mzee.